Gitaa la Kijani Chini ya Kitanda

Siku tuliyomzika Ekirapa, udongo ukiwa bado mbichi juu ya kaburi na watu wameshaanza kusogea kwenye masufuria, kijana mmoja anayepiga gitaa kanisani alinifuata mahali nilipokuwa nanawa mikono. Alinionyesha picha kwenye simu yake: gitaa la umeme, jekundu, liking'aa kama pipi iliyolambwa. "Madam, hii ni limited edition," akasema. "Kampuni imetengeneza mia mbili tu dunia nzima, kila moja iko na namba yake. Nikiinunua saa hii nikae nayo, si bei itapanda? Ama itashuka kama ya hizi zingine?" Siku hizi ninafundisha muziki, kwa hiyo watu hudhani nina majibu. Lakini pale kwenye beseni nilichoweza kumwambia ni kwamba tuongee siku nyingine. Nikaenda kuketi peke yangu nyuma ya hema. Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyewahi kuishi ndani ya swali hilo mwaka mzima, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na mwaka huo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kabla yake au baada yake.

Nilikuwa nakaa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika gesti ya Hajati Mariamu. Kazi yangu ilikuwa kushika kitabu cha wageni na funguo siku za kazi kutoka asubuhi hadi saa kumi, na kwa kuwa mshahara ulikuwa mdogo, Hajati alinipa chumba namba tisa nikae bure. Kilikuwa na kitanda cha mbao, ndoo mbili, misumari ya kutundikia nguo, na dirisha lenye nondo lililoangalia foleni ya malori. Malori yale yalikaa siku mbili, siku tatu, pengine wiki nzima, yakingoja kuvuka. Madereva walifua fulana zao na kuzianika kwenye vioo vya pembeni, na akina mama walipita kati ya magurudumu wakiuza mayai ya kuchemsha na ndizi za kuchoma. Ukuta kati yangu na chumba namba nane ulikuwa ubao mwembamba tu, kwa hiyo nilipata habari za Juba na Kigali nikiwa nimejilaza: nani mzigo wake umefunguliwa, nani amekamatwa, nani aliyesinzia kidogo baada ya chakula akaamka betri haipo. Mwanzoni nilizisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio. Baadaye, habari za wizi zilipoanza tu, nilikuwa nanyanyuka na kuweka sikio kwenye ubao.

Jumamosi na Jumapili mchana nilipiga gitaa la rithim katika bendi ya Ekirapa, kwenye ukumbi wa nyuma wa hoteli moja pale barabarani, madereva wakila pilau na sisi tukiwachangamsha. Ekirapa ndiye aliyepiga solo na ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kutazama vidole vyake kabla ya kujibu swali, kama kwamba jibu lingeanzia huko. Kabla sijajiunga nao, mhandisi mmoja mgeni aliyesimamia ujenzi wa barabara alikuwa akija kupiga na bendi siku za Jumapili, na alipomaliza kazi na kurudi kwao alimwachia Ekirapa gitaa lake. Lilikuwa la kijani, kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na kibati kilichochongwa namba: thelathini na saba, mkwaju, mia na hamsini. Ndani ya kasha lake gumu mlikuwa na cheti chenye sahihi. "Usikimbilie kuliuza," mhandisi alimwambia. "Hayatatengenezwa mengine. Kadiri unavyokaa nalo, ndivyo linavyopanda." Ekirapa aliyashika maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba. Hakuwahi kulipiga. Jukwaani alitumia gitaa lake kuukuu, lililokuwa limefungwafungwa kwa gundi na waya, na la kijani lilibaki kwenye kasha kwa sababu alama moja ya ukucha ingeshusha bei.

Na bei ilikuwa na kazi yake. Mkewe, Mama Amoit, alikuwa mgonjwa wa moyo. Alinieleza mwenyewe, akichambua mboga, kwa sauti ya mtu anayeeleza mlango wa choo ulioharibika: ndani ya moyo kuna vilango, kimoja chake hakifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka, na daktari amesema kibadilishwe bila kukawia. Nilikuwa nakula kwao Jumapili jioni baada ya kupiga. Alipika ugali wa wimbi, wao huuita atapa, na kunde zilizotiwa simsim, na kutoka jikoni hadi mezani palikuwa hatua kumi hivi. Katika hatua hizo kumi alisimama mara mbili, sahani mkononi, akiangalia mbele kama mtu aliyekumbuka jambo. Hatukuruhusiwa kumpokea sahani. Jioni moja nilikuwa nje nikiosha vyombo nikawasikia wakiongea ndani. "Na hiyo gitaa?" Mama Amoit aliuliza. "Bado," Ekirapa akajibu. "Ngoja ipande kidogo." "Si ulisema imepanda?" "Inapanda. Nabwire anajua mambo ya mtandao, ataangalia." Nikasikia mama akivuta pumzi, moja, ya pili, kama anayevuta ndoo kisimani. Nabwire ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepewa kazi.

Wiki chache baadaye wezi walivunja nyumba ya jirani yao mchana kweupe, wakabeba televisheni na mtungi wa gesi. Kesho yake asubuhi Ekirapa alikuja gesti akiwa amebeba kasha lililoviringishwa blanketi, akilikumbatia kifuani, hakulishika mpini. "Hapa kuna geti na askari," akaniambia. "Kwangu hakuna. Liweke chini ya kitanda. Usimwambie mtu. Hata wanabendi." Nikasema sawa. Sikujua nilichokuwa nakubali. Siku hiyo hiyo nilinunua kufuli ya pili. Nililiinua kasha juu ya matofali manne, mafuriko yasije yakaingia, ingawa Malaba si Budalang'i kunakofurika kila mwaka. Nikajaza mchele kwenye soksi na kuuweka ndani ya kasha ili unyonye unyevu, kisha nikaanza kuogopa kwamba mchele utaita panya. Nikaacha kupika ndani kwa stovu. Rafiki zangu walipogonga nilizungumza nao mlangoni, mwili nusu nje, hadi wakachoka kuja. Nikiwa kule mbele na kitabu cha wageni, nikiona mtu anapita ukumbini kuelekea vyumba vya nyuma, nilihesabu hatua zake, na zikipita namba nane bila kukata kona nilitafuta sababu ya kumfuata. Nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri kuinama na kugusa kasha. Nilikuwa nagusa vilevile saa nne na saa saba. Hajati aliniuliza kama nina mimba.

Kila Ijumaa ya pili nilikwenda Busia, kwenye saiba moja ya kukodisha mtandao karibu na soko, nikakaa mbele ya kompyuta iliyokuwa ikitoa joto kama jiko. Picha zilifunguka polepole, zikishuka kutoka juu kama pazia: kwanza kichwa cha gitaa, kisha shingo, kisha ile rangi ya kijani, na moyo wangu ukishuka nazo. Kulikuwa na watu Ulaya na Marekani waliokuwa wakiuza ndugu za gitaa letu, namba kumi na moja, namba tisini na nane. Bei walizoandika zilinifanya niangalie nyuma kuona kama kuna anayesoma. Nilizinakili kwenye karatasi na kuikunja ndani ya kiatu. Na kweli, miezi ile ya kwanza, zilipanda. Nilipomsomea Ekirapa alitazama vidole vyake, akatabasamu, akasema, "Tungoje kidogo." Nami nilifurahi kumpelekea habari njema. Nilijihisi kama niliyekuwa nikimtibu Mama Amoit kwa mikono yangu. Kulikuwa na jambo ambalo sikulijua, na halikunijia akilini kuliuliza: kwamba bei niliyokuwa nasoma ni ile iliyoombwa. Bei aliyolipa mtu, akatoa fedha mfukoni na kubeba gitaa, ilikuwa imeandikwa kwingine, chini zaidi, kwa maandishi madogo.

Mvua ndefu zilipokatika nikaenda saiba kama kawaida, na ukurasa wa kwanza uliofunguka ulikuwa tangazo la kampuni yenyewe. Walikuwa wanatengeneza gitaa lile tena. Rangi ile ile, umbo lile lile, ila kibati tu tofauti, na kwa wingi. Chini yake watu waliokuwa na yale ya zamani walikuwa wakilia na kutukana, mmoja baada ya mwingine, na namba tisini na nane ilikuwa sasa inauzwa chini ya nusu ya bei niliyoinakili kwenye kiatu. Mmoja wao alikuwa amekata tamaa, akaandika kwamba hata kwa bei hiyo hapati mnunuzi. Nilisoma hadi dakika zangu zikaisha na skrini ikafunga. Nakumbuka nilitoka nje nikasimama juani, na mama mmoja aliyekuwa na beseni la dagaa, omena wa Sio Port, akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Jumapili, mezani, Ekirapa alinitazama akingoja. Mama Amoit alikuwa amesimama katikati ya chumba na sahani, kwenye kile kituo chake cha kwanza. Nikasema, "Haijabadilika." Nilisema tena hivyo baada ya wiki mbili, na baada ya nyingine mbili. Kila niliposema, ilikuwa vigumu zaidi kusema jambo lingine. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau, na miguu yake ilivimba hadi akawa anavaa kandambili za mumewe. Nilijua kila wiki niliyonyamaza ni wiki yake, wala si yangu. Nilijua, na bado nilinyamaza, kwa kuwa niliogopa uso wa Ekirapa siku atakayosikia. Sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Alasiri moja ya Jumatano, Mama Amoit alitoka kliniki akapitia gesti kupumzika. Hajati alimwekea kiti uani, chini ya kamba za nguo, akampa chai isiyo na sukari. Mimi nilikuwa mbele nikimwandikia mgeni risiti. Kwanza ilikuja harufu, kisha honi, kisha sauti za watu wengi kwa pamoja: "Mafuta! Mafuta yanamwagika! Zima jiko!" Tangi moja kwenye foleni lilikuwa limegongwa ubavuni na lori lililokuwa likirudi nyuma, na petroli ilikuwa ikitiririka kwenye mtaro uliopita mbele ya geti letu. Wachoma mahindi walikuwa wakimwagia makaa maji. Watu walikimbia kuelekea relini, wengine wamebeba watoto, mwingine amebeba kuku. Sikufikiri hata kidogo. Nilikimbia ukumbini hadi namba tisa, nikafungua kufuli ya kwanza, nikaangusha ufunguo wa pili, nikauokota, nikafungua, nikajitupa sakafuni na kuvuta kasha lile, nikalikumbatia kifuani kama Ekirapa alivyolikumbatia, nikatoka kwa mlango wa uani. Mama Amoit alikuwa bado kwenye kiti. Alikuwa amejaribu kusimama, akashindwa. Mkono mmoja umeshika kamba ya nguo, mwingine kifua, mdomo wazi kama samaki. Alinitazama, akalitazama kasha. Kisha Hajati Mariamu, mwanamke aliyekuwa amepita miaka sitini, alitoka jikoni, akapitisha bega lake chini ya kwapa la mama na kumwinua. "Weka hicho kitu chini ushike upande huu!" akanipigia kelele. Nami, Mungu anisamehe, nilisita. Ilikuwa ni muda wa kupepesa macho mara mbili. Nililiweka chini, nikashika, tukambeba hadi upande wa pili wa reli, na kasha likabaki peke yake uani.

Hakuna kilicholipuka. Walileta mchanga, wakaziba, wakalisukuma tangi pembeni, na kabla ya jua kutua wauza mayai walikuwa wamesharudi kwenye magurudumu. Tulimrudisha Mama Amoit, akakaa jikoni kwa Hajati na kikombe cha maji, na rangi ikamrudia kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. "Ulianza na gitaa," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha duka. Basi nikalia, na nikamwambia yote: tangazo la kampuni, bei iliyoanguka, zile Jumapili nilizosema haijabadilika. Hajati aliacha kukoroga sufuria. Mama Amoit alinywa maji, akakipumzisha kikombe kwenye goti.

"Kwani unadhani baba Amoit anangoja bei?" akaniuliza.

"Si ndiyo anasema?"

"Ndugu yake alienda kufanyiwa operesheni ya henia. Kitu kidogo. Alienda akitembea, wakamrudisha kwa sanduku. Tangu siku hiyo, mzee akiona koti nyeupe anatoka jasho mpaka shati inalowa. Siku hiyo gitaa itauzwa, mimi naenda kupasuliwa. Hakuna sababu ingine itabaki. Kwa hivyo ikipanda, ngoja ipande zaidi. Ikianguka, ngoja irudi." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta tena. "Nyinyi wawili mmeogopa huu mwaka wote. Mimi naogopa pia. Lakini mimi hakuna mtu ameniuliza."

Ekirapa alifika akikimbia. Habari za tangi zilikuwa zimemkuta sokoni. Aliingia kwa uani, na kasha lilikuwa pale pale nilipoliacha, katikati ya njia, blanketi likiwa limefunguka na kukanyagwa. Aliliruka. Namaanisha aliruka juu yake kama mtu anavyoruka dimbwi, bila kuangalia chini, akaingia jikoni na kupiga magoti na kumshika mkewe miguu yote miwili. Nimeona mambo mengi ya aibu yangu katika maisha, lakini hakuna lililonionyesha mimi nilivyokuwa kama mruko ule. Nilimwambia hapo hapo, mbele ya wote. Alitazama vidole vyake, vilivyokuwa bado kwenye miguu ya mama. "Tangu lini?" "Tangu mvua ikatike." "Ukanyamaza." "Niliogopa, mzee." Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, na sikujua kama anakataa au anakubali. Ndipo mkewe akasema, "Uza wiki hii."

"Na wakikufungua usiamke?" Sauti yake ilitoka kama ya mtoto.

"Na wasiponifungua?"

Hajati aliweka chakula, na hakuna aliyekula isipokuwa mgonjwa.

Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya muziki kutoka Kampala, mteja wa zamani wa Hajati, mtu mnene, mpole, ambaye kila mtu alimwita Ssalongo kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha. Alivuka mpaka Ijumaa asubuhi, akalilaza gitaa kwenye meza ya kulia. Alifungua skrubu za nyuma, akachungulia nyaya, akapitisha kidole shingoni, akakisoma cheti, akakirudisha ndani ya kasha kwa heshima. Ekirapa alikuwa amesimama ukutani, mikono mgongoni. "Nnyabo, dada yangu," Ssalongo akaniambia, "piga nisikie." Nikamtazama Ekirapa, naye akaja akalichukua mwenyewe. Nyuzi zilikuwa na kutu. Alipiga kidogo tu, mstari mmoja wa wimbo tuliozoea kuupiga mchana. Sijui nilitarajia nini baada ya mwaka ule wote. Lilikuwa gitaa zuri, lenye sauti safi. La kwake kuukuu lilikuwa na sauti ninayoipenda zaidi. "Kale, sawa," akasema Ssalongo. "Gitaa ni nzuri, mimi nanunua. Lakini mimi nanunua gitaa, namba sinunui. Mtu wa kununua namba yuko Ulaya, na mimi sina njia ya kufika kwake. Hata wewe huna." Akataja bei. Ilikuwa bei ya gitaa jipya zuri la kawaida na kidogo juu yake, na ilikuwa mbali sana na karatasi niliyokuwa nayo kwenye kiatu. Ekirapa hakubishana. Alisema, "Chukua," akageuka kuelekea ukutani hadi kasha lilipotoka getini. Bendi ikachanga, kanisa likachanga, Hajati akachangisha kwa wafanyabiashara wenzake baada ya swala ya Ijumaa, na tarehe ya upasuaji ikapatikana.

Kama ningekuwa na moyo wa kukaa na yule kijana pale matangani, ningemweleza yaliyofuata. Miaka michache baada ya kuuza niliangalia tena. Yale ya mwanzo, yenye kibati cha namba, yalikuwa yamepanda kupita bei ile ya kwanza kabisa. Wanaojua walikuwa wameanza kuyabagua na yale ya pili. Kisha yakashuka, kisha yakapanda. Niliacha kufuatilia. Kwa hiyo ndiyo, mengine yanashikilia bei, mengine yanaizidi, gitaa likiwa na cheti chake na halijaguswa, na likiwa mahali ambapo mtu mwenye kulitaka anaweza kulifikia, na mwenye nalo akiwa na muda. Sisi muda ndio hatukuwa nao. Tulikuwa tukiutumia wa mtu mwingine.

Hospitali ya rufaa ilikuwa mbali na kwetu, kwenye baridi. Walimpeleka Mama Amoit ndani saa moja asubuhi. Alikuwa amesukwa nywele, na alituambia tusikae kwenye upepo. Tulikaa mimi na Ekirapa kwenye benchi la mbao kwenye korido ndefu iliyokuwa ikinuka dawa ya sakafu, na kila koti jeupe lilipopita nilisikia benchi likitetemeka upande wake. Shati lake lililowa, kama mkewe alivyosema, kwanza mgongoni, kisha kwapani, kisha kifuani. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mwanamke mmoja upande wa pili aliitwa, akaingia mlango ule, na tukamsikia akipiga yowe moja, likakatika. Ekirapa alinishika mkono kwa nguvu hadi nikahisi mifupa. "Nabwire," akasema, "wakituita, uende wewe." Nikamwambia siwezi. Nilikuwa nimemaliza kuwa mtu wa kumletea habari. Nilitaka habari ile ije na miguu yake yenyewe, ama isije. Kulikuwa na saa ya ukutani juu ya mlango, na mshale wake wa sekunde ulikuwa ukikwama kwenye nane kabla ya kuruka. Kila ulipokwama niliamini ni moyo wake umesimama.

Ilikuwa saa tisa kasoro muuguzi alipofungua mlango, barakoa ikiwa imeshushwa kidevuni, na kuita, "Watu wa Mama Amoit!" Tulikuwa hatua tano kutoka kwake. Hakuna aliyesimama. Aliangalia huku na huko, akaita tena kwa sauti zaidi, na mtu mmoja pale nyuma akatusonta kwa kidole. Mara ya tatu Ekirapa aliinuka. Aliinuka polepole, akishika ukuta, akasimama katikati ya korido na mikono yake mirefu ikining'inia, nami nikaweza kusimama nyuma yake, nikiwa nimeshika shati lake lililolowa. Muuguzi alitutazama. Alikuwa amechoka, na nakumbuka nilijaribu kusoma uso wake na sikuweza kusoma chochote.

"Ameamka," akasema. "Ile bomba ya kupumulia tumetoa saa hii, sauti bado haijarudi vizuri. Lakini anauliza kama mmekula."

Ekirapa alifungua mdomo kumjibu, na ikabidi nimjibie mimi, kwamba hatujala tangu jana.